Tusipokee Namba Isiyo na Ulizo Lake

Imeenea imani katika ofisi za programu kwamba kazi ya kuandika maulizo imekufa. Wakala wa akili mnemba ameunganishwa na mfumo wa tiketi za mradi. Meneja anamwandikia kwa lugha ya kawaida, "Hitilafu ngapi zimebaki kabla ya toleo la Ijumaa?", naye wakala anatunga ulizo, analipeleka kwenye seva na kurudi na namba. Basi, tunaambiwa, hakuna sababu ya mtu kujifunza lugha za maulizo za mifumo ya tiketi, JQL ya Jira wala WIQL ya Azure DevOps. Hizo zilikuwa lugha za wakati ule ambapo ofisi nzima ilimngoja mtaalamu mmoja aitengenezee ripoti. Siku hizi kila mtu anauliza na kila mtu anajibiwa.

Ninaupinga msimamo huu, na ninaupinga kwa sababu chombo chenyewe ninakipenda. Kumruhusu wakala aandike maulizo yake juu ya tiketi za mradi ni jambo jema, pengine jema kuliko mengi ambayo akili mnemba imetuletea kazini. Kosa ni kudhani kwamba, kwa kuwa wakala anaandika, binadamu amesamehewa kusoma.

Tazama kwanza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa kanuni huria iitwayo Model Context Protocol, inayoeleza namna programu yoyote inavyoweza kumpa wakala zana za kutumia. Atlassian (wenye Jira), Microsoft na GitHub wote wana seva za aina hiyo kwa mifumo yao ya kazi. Baadhi ya zana hizo ni finyu: unaipa namba ya tiketi, inakuletea tiketi. Nyingine ni pana, inapokea ulizo zima likiwa maandishi na kulifikisha kama lilivyo. Hii ya pili ndiyo ninayoitetea. Ulizo ni maandishi. Unaweza kulihifadhi, kulirudia wiki ijayo, kumtumia mwenzako, mkalibishania mstari kwa mstari. Katika mazungumzo yote kati ya mtu na wakala hakuna kitu kingine unachoweza kukikagua hivyo. Maelezo marefu ya wakala, hata yakipangika vizuri namna gani, hayakaguliki.

Na lugha hizi hazikutungwa kwa ajili ya wachache. SQL, ambayo JQL na WIQL zimefuata sura yake, ilianzia maabara ya IBM huko San Jose, pale Donald Chamberlin na Raymond Boyce walipochapisha andiko lao kuhusu SEQUEL mwaka 1974. Walieleza wazi kwamba walikuwa wakiwafikiria hata watu wasio wataalamu wa kompyuta, kama wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na wapangaji wa miji. Jira ilipata JQL mwaka 2009, katika toleo la 4.0. Leo, nusu karne baada ya andiko lile, mhasibu na meneja wanashauriwa wasihangaike na mistari miwili ya maandishi ambayo iliundwa isomwe na watu kama wao. Huo si msaada. Ni kumpokonya mtu kitu alichokuwa nacho.

Watetezi wa imani hii wana hoja moja nzito, nayo lazima ijibiwe kwa haki: wakala hakosei sarufi kama tunavyokosea sisi. Ni kweli. Mara nyingi anajua mabano yanafungwa wapi na jina la kisanduku linavyoandikwa. Lakini kosa la sarufi ndilo kosa lisilo na madhara, kwa sababu seva hulikataa papo hapo. Kosa la kuogopwa ni lile la ulizo halali kabisa, linalopokelewa bila malalamiko, linalorudisha jedwali safi, na ambalo limeuliza jambo jingine.

Nitatoa mfano mmoja kwa ukaribu. Tuseme timu ina tiketi 140 za hitilafu zilizo wazi. Kati yake, 20 zimebandikwa lebo ya "imeahirishwa", 30 zina lebo nyinginezo, na 90 hazina lebo yoyote, maana watu wana haraka na kisanduku cha lebo si cha lazima. Meneja anataka kujua zimebaki ngapi ukiondoa zilizoahirishwa. Jibu ni 120. Wakala anaandika sharti ambalo mtu yeyote angeliandika:

labels != imeahirishwa

Katika JQL alama hiyo ya "si sawa na" hairudishi tiketi ambazo kisanduku chake ni kitupu. Atlassian wenyewe wameliandika hilo katika nyaraka zao. Kwa hiyo tiketi 90 zisizo na lebo zinatoweka bila onyo, na meneja anapokea 30. Anakwenda kwenye kikao akiwa na furaha. Ulizo sahihi lilitakiwa kuwa hivi:

labels IS EMPTY OR labels != imeahirishwa

Tofauti ni maneno machache, na anayeyajua huyaona kwa kutupia jicho. Asiyeyajua ataipeleka 30 kwa mteja, na Ijumaa programu itatoka na hitilafu 90 ambazo hakuna aliyezijadili. Inawezekana wakala wa leo ameshajifunza mtego huu na kuukwepa. Mtego wa pili je? Wa tatu?

Kwa sisi tunaoandika tiketi kwa Kiswahili kuna mtego ambao wenzetu wa Kiingereza hawaujui. Utafutaji wa maneno ndani ya Jira unaruhusu alama ya nyota mwishoni mwa neno lakini hauikubali mwanzoni. Kiingereza hubadilisha maneno mengi kwa nyuma, hivyo nyota ya mwishoni inakitosha. Kitenzi chetu hubadilika kwa mbele: malipo yamekwama, oda imekwama, fedha zimekwama, ombi limekwama. Andika kwama* na hutapata hata moja kati ya hizo. Wakala akiulizwa tiketi zinazozungumzia miamala iliyokwama, huenda akajaribu neno moja au mawili, tena mara nyingi ya Kiingereza, apate tiketi nne, aseme ni nne. Timu ya Dar es Salaam au Mombasa ambayo watu wa huduma kwa wateja huandika malalamiko kama walivyoyasikia itaonekana haina tatizo, kumbe imejaa. Ukilisoma ulizo, utauona upungufu huo mara moja, kwa sababu wewe ni mzungumzaji wa lugha hiyo. Hapo Mswahili ana ujuzi ambao seva haina, lakini ujuzi huo haufai kitu kama ulizo halionekani.

Saa nazo zina mambo yake. Tarehe katika ulizo la Jira hupimwa kwa saa za eneo zilizowekwa kwenye akaunti inayouliza, na zisipowekwa, kwa saa za seva. Wakala huenda akatumia akaunti yake mwenyewe, iliyofunguliwa na mtu wa makao makuu, tuseme California. California iko nyuma ya Nairobi kwa saa 10 au 11 kulingana na majira. Tiketi iliyofungwa Nairobi saa tatu asubuhi ya tarehe mosi, kwa akaunti ya California bado ni ya mwezi uliopita. Nani atalijua hilo kwa kuangalia namba tu?

Kisha kuna kurasa. Jira humrudishia mwombaji tiketi 50 kwa mkupuo asipotaja idadi nyingine, na katika njia mpya ya Jira ya wingu jumla haitajwi tena kwenye majibu. Huombwa kando, nayo ni ya kukadiria. Azure DevOps hurudisha namba za tiketi peke yake, kisha yaliyomo yakaombwa kwa mafungu yasiyozidi 200, na ulizo lote halivuki tiketi 20,000. Wakala aliyesoma ukurasa wa kwanza akadhani umekwisha atakwambia "50" kwa sauti ile ile ya uhakika ambayo angeitumia kukwambia ukweli.

Hapa ndipo ninapoletewa hoja ya vikusanyi. Wasanidi programu, wanasema, waliacha zamani kusoma lugha ya mashine. Tunaandika kwa lugha ya juu, kikusanyi kinatafsiri, na hakuna anayelala na wasiwasi. Kwa nini ulizo liwe tofauti? Kwa sababu kikusanyi hakiamui ulichokusudia. Maana yote umeshaiandika wewe katika lugha yenye kanuni kali, nacho hutafsiri kwa kufuata kanuni hizo, leo na kesho sawasawa. Wakala hupokea sentensi yenye nafasi za kujazwa, akazijaza. Je, "zimebaki" ni pamoja na zilizotengenezwa lakini hazijajaribiwa? Pamoja na zile ambazo mteja ameombwa maelezo na hajajibu? Miradi miwili au mitatu? Anachagua. Mwulize swali hilo hilo mara ya pili na anaweza kuchagua vingine. Mwenye kuchagua maana ndiye mwenye ripoti, na ulizo ndiyo sehemu pekee ambapo chaguo lake limeandikwa.

Wengine husema mwombe wakala alieleze ulizo kwa lugha nyepesi. Ni ushauri mzuri kwa anayejifunza, lakini ni ukaguzi mbovu. Aliyeandika labels != imeahirishwa ataeleza kwamba ameondoa tiketi zilizoahirishwa. Hasemi uongo: hilo ndilo alilokusudia. Anakueleza nia yake, wakati wewe ulihitaji kujua seva itafanya nini.

Na kuna maswali ambayo lugha yenyewe haiwezi kuyajibu. Hili huniumiza zaidi, kwa kuwa hutokea mara nyingi. Kiongozi wa mradi anauliza, tiketi zipi zimesogezwa tarehe ya mwisho mwezi huu? JQL inaweza kurudi nyuma katika historia kwa maneno WAS na CHANGED, lakini kwa visanduku vichache tu, kama hali, aliyekabidhiwa, kipaumbele na toleo la marekebisho. Tarehe ya mwisho haimo. Jibu la haki ni "ulizo haliwezi, lazima nifungue historia ya tiketi moja moja". Wakala aliyelelewa kusaidia ana kishawishi cha kuleta kitu cha jirani, tuseme tiketi zilizoguswa mwezi huu na zenye tarehe ya mbele. Jedwali litapendeza. Litakuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. WIQL ya Microsoft ina neno ASOF, linalokupa tiketi jinsi zilivyokuwa siku fulani iliyopita, na kwa kulinganisha siku mbili unaweza kuzikamata tiketi zilizosogezwa tarehe. Hiyo ni nguvu halisi, na wakala anayeijua ni msaidizi wa kutamanika. Lakini mtu asiyesoma hatajua kama alipewa ASOF au alipewa cha jirani.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba gharama ni kikao kilichoharibika. Gharama kubwa zaidi inawaangukia watu. Wapo wasanidi wengi Nairobi, Kampala na Kigali wanaofanya kazi kwa mkataba kwa kampuni za mbali, na meneja wao hajawahi kukaa nao meza moja. Anachokijua juu yao ni tiketi. Sasa amepewa wakala, naye anamuuliza kila robo mwaka, "Nani amefunga kazi nyingi, nani chache?" Fikiria namna tiketi inavyotembea. Msanidi anakabidhiwa, anaitafuta hitilafu siku nne, anaitengeneza, kisha anaikabidhi tiketi kwa mjaribu. Mjaribu anaipima kwa saa moja na kuifunga. Tiketi sasa iko kwa jina la mjaribu. Ulizo la haraka husema: aliyekabidhiwa ni fulani, na hali ni imekamilika. Kwa ulizo hilo mjaribu ana kazi zote na msanidi hana hata moja. Neno moja, WAS badala ya alama ya usawa, lingemrudishia kila mmoja tiketi zote alizowahi kuzishika.

Msanidi huyo ataitwa kwenye mazungumzo ya video, aonyeshwe mchoro, aambiwe kiwango chake kimeshuka. Atajitetea kwa kitu gani? Hana ulizo. Meneja naye hana. Ana namba, na akibanwa atasema ndivyo mfumo ulivyotoa. Hakuna mtu katika mazungumzo hayo anayeweza kusema swali liliulizwaje, na bado mkataba wa mtu unakatwa kwa jibu lake. Sioni namna ya kuliita hili maendeleo. Mfanyakazi anayepimwa kwa hesabu ana haki ya kuona hesabu ilivyofanywa, kama ambavyo anayelipwa mshahara ana haki ya kuona makato.

Kuna kundi jingine ambalo, likisikia haya, hukimbilia upande wa pili: basi wakala asiandike ulizo kabisa, apewe ripoti kumi zilizokwisha tengenezwa na achague. Hawa nao wamekosea, ingawa sitawachelewesha. Ripoti iliyotengenezwa ina ulizo ndani yake, lililoandikwa na mtu aliyeondoka kazini zamani, ambalo hakuna aliyelifungua tangu wakati huo. Kulificha ulizo la binadamu si bora kuliko kulificha ulizo la mashine. Afadhali la mashine lililo wazi mbele yangu.

Kundi hilo pia huhofia usalama, na hofu hiyo ina msingi. Tiketi ni maandishi ya watu, na mara nyingine watu wa nje kabisa. Mei 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha kwamba mtu angeweza kuandika tiketi yenye maagizo ya siri katika hazina ya msimbo ya umma ya GitHub, na wakala aliyeunganishwa kwa seva ya zana za GitHub, akiombwa tu na mwenyewe aangalie tiketi zilizo wazi, angeyatii maagizo hayo na kumwaga hadharani habari za hazina za faragha. Msanidi programu Simon Willison, aliyeubatiza jina udukuzi wa namna hii Septemba 2022, alionya Juni 2025 kwamba hatari hukamilika pale vitu vitatu vinapokutana: wakala anafikia siri, anasoma maandishi yasiyoaminika, na ana njia ya kutuma nje. JQL na WIQL zenyewe husoma tu. WIQL haina hata neno la kufuta. Lakini wakala hatembei na zana moja.

Dawa yake haiko kwenye kumnyima ulizo. Aulize kwa ruhusa za mtu aliyemtuma, wala si kwa akaunti kuu inayoona miradi yote. Zana ya kusoma isichanganywe na zana ya kuandika katika kazi moja. Na kila ulizo alilolipeleka liandikwe mahali ambapo binadamu atalisoma, maana wakala aliyetekwa na maagizo ya tiketi hujulikana hapo kwanza: uliomba hitilafu za mradi mmoja, naye ameulizia mradi wa mishahara. Asiyejua kusoma ulizo ataupita mstari huo asione kitu.

Kujifunza kusoma si mzigo. Sizungumzii kuandika, maana kuandika wakala anatushinda na aendelee kutushinda. Kusoma JQL ni kujua masharti yanavyounganishwa, kisanduku kitupu kinavyotendewa, tarehe zinapimwa kwa saa zipi, na historia inafika wapi. Mtu mwenye akili timamu analimudu hilo kwa mchana mmoja akiwa na mtu wa kumwelekeza. Ofisi zinazonunua mawakala kwa fedha nyingi zinaweza kutoa mchana huo kwa wahasibu, wajaribu, watu wa huduma kwa wateja na mameneja wote. Na wanaotengeneza zana hizi waache kulikunja ulizo nyuma ya kitufe kidogo cha maelezo. Liwekwe juu ya namba, pamoja na jina la akaunti iliyouliza, saa za eneo lake, na kauli kama kurasa zote zimesomwa.

Nawe unayefanya kazi chini ya mfumo kama huu, usingoje wakubwa wakubaliane. Siku utakapoletewa tathmini ya robo mwaka iliyotokana na hesabu ya wakala, omba maandishi ya ulizo kabla ya kusaini. Soma sharti la aliyekabidhiwa, soma sharti la tarehe, tazama ni akaunti ya nani. Wakikwambia hawana, usisaini.